Ubao wa Mwanaisha

Mama alifika karakanani kwangu saa mbili asubuhi, Jumanne, na kuufunga mlango nyuma yake. Mlango ule huwa siufungi, maana ukishafungwa haufunguki mpaka upigwe teke, na yeye analijua hilo.

"Nina neno," alisema. "Mama yako mdogo asilisikie."

"Kaa basi, Mama. Si hapo, hiyo rangi bado mbichi."

Alikuwa ameshakaa.

 Kumweleza mama yangu kwamba amekalia rangi ya buluu kungetumalizia nusu saa nzima, na uso wake ulionyesha kwamba neno lililomleta lilikuwa limemwamsha alfajiri. Nikaendelea kuosha brashi.

"Ule ubao wa duka," alisema. "Unauandika lini?"

"Ijumaa unapanda juu ya mlango. Nilishawaambia wote wawili."

"Vizuri. Andika ESHE. Herufi nene, nyekundu, zionekane kutoka barabara ya pili. Ukishapanda umepanda, hakuna wa kuushusha."

"Na mamdogo?"

"Mamdogo wako atazoea. Alizoea miwani, atashindwa na jina?"

Akaupiga mlango teke moja la kitaalamu, akaondoka na gauni lake la kazi, kichwa juu, buluu nyuma.

Mimi ni mchora herufi. Majina ya maduka, vibao vya ofisi, mishale ya kuonyesha choo kilipo, vyote vinatoka mkononi mwangu. Nina stashahada ya Kiswahili na nina ngazi ya vidato kumi na viwili, na vyote viwili navitumia kila siku. Mteja akiniletea maneno yaliyovunjika, nayaunga kwanza ndipo nayapaka. Kuna kinyozi alitaka nimwandikie sentensi tatu za kujisifu juu ya mlango wenye upana wa mkono mmoja. Nikamwandikia KINYOZI, nikamwambia sifa aziachie foleni ya wateja. Alinuna wiki mbili, kisha akaniletea shemeji yake mwenye duka la vipuri. Mashine za kuchapa stika zimejaa mjini, lakini stika hubanduka mvua ya kwanza, na herufi yangu haijui mvua ni nini.

Duka waliloligombania mama na mamdogo lilikuwa la bibi yangu mzaa mama. Ni chumba kimoja kirefu: meza ya kukatia katikati, vyerehani viwili dirishani, overloki ya mamdogo, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, pembeni, kioo chenye ufa chini kushoto, na pazia la kujaribia nguo ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Bibi alifariki miezi mitatu kabla ya hayo ninayoyaeleza. Mama hukata, mamdogo hushona. Wakiwa kazini hawasemezani. Mama anasukuma kitambaa mezani bila kuinua macho, mamdogo anakidaka bila kugeuka. Wateja wengine hukaa tu kuwatazama, hata nguo zao zikiwa tayari.

Ubao wa juu ya mlango ulikuwa umeanza kumenyuka. Walikubaliana uandikwe upya kwa ajili ya kumkumbuka mama yao. Makubaliano yakaishia hapo.

Mamdogo alikuja mchana wa siku ile ile. Wateja humwita Overloki, kwa sababu haachi uzi unaoning'inia, si kwenye nguo wala kwenye mazungumzo.

"Mama yako alikuwa hapa," alisema akiwa bado kizingitini.

"Nani kasema?"

"Ana buluu makalioni. Buluu hiyo hapo." Alinyoosha kidole kwenye benchi. "Amehudumia wateja watatu akiwa hivyo hivyo."

"Ungemwambia, mamdogo."

"Nimwambie, halafu anieleze kwamba alikwenda sokoni? Acha adhalilike kidogo." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Kakwambia uandike lile jina lake la kubuni."

Nikageukia brashi zangu. Nimelelewa na wote wawili; najua mahali pa kunyamaza.

"Sikia, Asha. Mama yangu aliitwa Mwanaisha. Ubao unasema Mwanaisha. Kitambulisho chake Mwanaisha, kadi ya kliniki Mwanaisha, karatasi tuliyomzikia Mwanaisha. Miaka arobaini na nne nimeishi naye chumba kwa chumba, sijasikia kiumbe akimwita Eshe. Si jirani, si mteja. Baba alimwita mama watoto mpaka siku anaaga dunia. Huyo Eshe dada kamtoa wapi?"

"Anasema zamani aliitwa hivyo. Na kwamba hata ubao uliandikwa hivyo."

"Mimi nimekua chini ya ubao ule. Nimejifunza kutembea nikiushika ukuta ulio chini yake. Usinieleze habari za ubao." Akavaa miwani. "Sasa nikwambie jambo ili ujue unachokipaka. Ukipandisha ubao wenye Eshe, Jumamosi asubuhi mkokoteni unakuja kuchukua overloki yangu na cherehani changu. Nimeshapata chumba kule karibu na kituo cha mafuta. Skrubu za miguu nimezilegeza jana."

"Mamdogo."

"Usiniite mamdogo kwa sauti hiyo. Sijaja kubembelezwa. Nimelea duka lile tangu nikiwa na meno ya utoto, siwezi kuingia kila asubuhi chini ya jina la mwanamke nisiyemjua."

Alipoondoka nilikaa na tatizo langu. Duka lile likigawanyika halitakuwa maduka mawili. Halitakuwa hata moja. Mama hukata kitambaa kama anayesoma kitu kilichokwisha kuandikwa humo ndani, lakini hawezi kushona mshono ukanyooka. Mamdogo akishona gauni hulijui lilipoanzia wala lilipoishia, lakini akishika mkasi hata kioo kinaogopa. Mmoja bila mwenzake ni nusu ya fundi. Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika brashi.

Jumatano asubuhi niliushusha ubao, nikaubeba kichwani mpaka karakanani, nikaulaza juu ya farasi wawili wa mbao ninaotumia kama meza.

Fundi aliyenifundisha kazi tulimwita Msasa. Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka tukawa tunaiota: ubao wa zamani ukwaruze mpaka ufike kwenye mti. Anayepaka rangi juu ya rangi anaacha aibu yake kwa fundi atakayekuja. Nikachukua kikwaruzo na kuanza pembeni, upande wa chini, ambako hakukuwa na maandishi ila mchoro wa mkasi uliofifia. Rangi ya kijani ilitoka kirahisi, kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake ilikuwa nyeupe iliyochafuka. Nikasukuma tena, na katika ile nyeupe kukatokea wekundu.

Niliweka kikwaruzo chini. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kidogo kwenye tina, dawa ya kuyeyusha rangi, nikaanza kufuta taratibu, kidole kimoja kwa wakati. Wekundu ukawa mguu wa herufi. Mguu ukapata mikono mitatu. E. Nikafuata kulia. S, iliyochorwa na mtu anayejua kazi, tumbo la chini zito kuliko la juu. H. E.

ESHE.

Mama hakuwa amebuni kitu. Nilicheka peke yangu pale, nikajiandaa kwenda kumpa habari, kisha nikaona kwamba juu ya E ya kwanza kulikuwa na wekundu mwingine. Nikaendelea kufuta. Kulikuwa na NA. Na juu ya NA, chini ya rangi ya ile MWANAISHA tunayoijua sote, imekaa pembeni kidogo kama mtu aliyejificha nyuma ya mwenzake, kulikuwa na MWANAISHA nyingine, nyekundu.

MWANAISHA NA ESHE.

Nikakaa kwenye benchi. Ikiwa bibi yangu alikuwa Mwanaisha, basi Eshe alikuwa nani? Na ikiwa alikuwa Eshe, nani alikuwa Mwanaisha?

Nikafanya ambacho Msasa angefanya, nikaenda mpaka kwenye mti. Pembe ya juu kushoto, niliporomosha rangi zote, nikakuta maandishi ambayo hayakupakwa kwa brashi. Yalichomwa kwa msumari wa moto, nukta kwa nukta. MWANAISHA, herufi ndogo ndogo, S imetazama upande usio wake, kazi ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na hakumwomba mtu msaada.

Jina lenyewe nalijua vizuri. Darasani niliandika insha ya kurasa nane juu yake. Lilitufikia kutoka Kiarabu, Aisha, aliye hai, nalo ni ndugu wa damu wa maneno mawili tusiyoweza kumaliza siku bila kuyatamka, kuishi na maisha. Waswahili hawakulipokea na kulifungia kabatini. Walilifupisha likawa Asha. Walililainisha likawa Esha, likawa Eshe. Walilivika Mwana, ile heshima wanayopewa mabibi, likawa Mwanaisha. Yote haya niliyaeleza kwa mifano, nikapata alama nzuri, na katika kurasa zote nane sikujiuliza kwa nini nyumba moja ihitaji maumbo yote hayo kwa pamoja.

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Lilikuwa jina langu.

Mimi nimerithi jina la bibi. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa ni Mwanaisha. Lakini hakuna aliyewahi kuniita hivyo nyumbani, na siku ya kwanza ya shule mwalimu aliposoma orodha na kuita Mwanaisha, nilikaa kimya nikimsubiri bibi aitike. Bibi ndiye aliyepiga marufuku. Namkumbuka amekaa na mto wa pini mkononi, mama ananifokea kwa sababu nimemwaga vifungo vya kopo zima, na bibi anamkatiza bila kupandisha sauti: "Mkitaka kumgombeza huyo mtoto, mgombezeni kwa lake. Langu lina mwenyewe, na mwenyewe bado yupo."

Basi nikawa Asha. Asha ndiye aliyemwaga vifungo. Asha ndiye aliyekojoa kitandani. Mwanaisha hakuhusika.

Alhamisi, saa nne, niliubeba ubao mpaka dukani na kuulaza juu ya meza ya kukatia, kifudifudi. Mama alikuwa ameshika chaki. Mamdogo alikuwa kwenye overloki, ile yenye skrubu zilizolegea, inatetemeka kila akikanyaga. Nyuma ya pazia kulikuwa na mteja mmoja, muuguzi, anajaribu sare mpya.

"Ijumaa ni kesho," mama alisema. "Mbona umeuleta leo?"

"Njooni wote wawili."

"Mimi nina kazi," mamdogo akasema.

"Mamdogo, ukiona kilichoko hapa na bado ukataka mkokoteni, nitausukuma mwenyewe."

Mama akageuka polepole. "Mkokoteni gani?"

"Tutafika huko," nilisema, na nikaugeuza ubao.

Mama ndiye aliyefika kwanza. Hakuyatazama maneno ya juu. Alikwenda moja kwa moja chini, akaweka kidole juu ya E, akakipitisha juu ya mikono yake mitatu, kama anayempima mtoto begani.

"Hizi ndizo," alisema. "Hizi hizi."

Mamdogo alisimama upande wa pili wa meza. Miwani ilikuwa imeshuka mpaka nchani mwa pua na hakuipandisha. "Kwa hiyo hukuzua."

"Nilikwambia."

"Uliniambia uliandikwa Eshe. Hapa umeandikwa Mwanaisha na Eshe."

"Hilo la juu sikulisoma," mama alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Nilijua herufi tatu tu, na zote tatu zilikuwa hapo chini."

Nyuma ya pazia muuguzi akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Dada mteja," mamdogo akasema bila kugeuka, "ukimaliza kukohoa, angalia kama mkono unakubana."

"Haunibani. Endeleeni tu."

"Mama," niliuliza, "huyu Mwanaisha wa juu ni nani?"

"Mama yangu, nani mwingine?"

"Na Eshe?"

Akakirudisha kidole juu ya E. 

"Kabla ya bibi, duka lilikuwa la nani?" nikauliza tena.

"La bibi yake. Alikuwa anashona mito. Alikaa pale kwenye kioo, pamba imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mama alianza kazi kwake akiwa msichana."

"Aliitwaje?"

"Bibi," alisema. "Tulimwita Bibi. Nani angethubutu kumwita jina?"

Nikawaonyesha pembe ya juu, pale kwenye mti mtupu, zile nukta zilizochomwa kwa msumari. Mamdogo ndiye aliyeinama kusoma safari hii. Alisoma kwa midomo, herufi moja moja, akapitisha ukucha juu ya ile S iliyogeuka.

"Huyu ndiye Mwanaisha wa kwanza tunayemjua," nilisema. "Bibi alirithi jina lake, kama mimi nilivyorithi la bibi. Na mwenye jina alikuwa hai, yumo humu humu, anajaza mito. Sasa fikirieni. Msichana amekosea kushona, anafokewa. Anafokewa kwa jina gani?"

Mama aliniangalia. Nilijua ameikumbuka siku ya vifungo, kwa sababu macho yake yalikimbilia kopo la vifungo.

"Langu lina mwenyewe," alisema polepole, kwa sauti ya bibi.

"Kumbe na yeye alilisikia kwa mwingine," nikasema. "Alikuwa Eshe wakati wote ambao bibi yake alikuwa hai. Bibi yake alipokufa, jina likabaki bila mtu. Likamwangukia yeye. Ubao ukapakwa upya, Eshe akafunikwa, Mwanaisha akabaki. Ule mkasi umechorwa juu ya Eshe."

"Stashahada imeanza," mamdogo alinong'ona, lakini hakutoka mezani.

Mama akavuta kiti, akakaa. "Kuna kitu kimenikaa moyoni tangu utoto," alisema. "Baada ya msiba wa Bibi, jirani mmoja alipita hapo mlangoni, mwanamke wa rika la mama, wamekua pamoja. Akaita, Eshe, habari za asubuhi. Mama akamjibu, Eshe wa nani tena? Hivyo tu. Yule mama akainamisha kichwa akapita. Nikaona mama yangu amepata duka, amekuwa na majivuno, jina la utotoni limekuwa dogo kwake. Nimembebea kinyongo hicho miaka yote hii. Nilitaka nimrudishe kuwa Eshe, kwa nguvu, juu ya mlango wake mwenyewe."

"Hakuwa anajivuna," nilisema. "Hakukuwa tena na mtu wa kumpisha."

 Kisha mamdogo akasema, akiutazama ubao na si sisi:

"Kwa hiyo dada alikuwa na Eshe. Msichana wa watu, anafokewa, anacheka, anajaza mito. Mimi nilipofika nikakuta Mwanaisha amekwisha kuwa mkubwa. Ndiyo sababu nilikuwa sitaki kusikia. Nilijua tangu mwanzo kwamba kama ni kweli, basi mwenzangu alimpata mama ambaye mimi sikumpata."

Mama alinyoosha mkono juu ya meza, lakini mamdogo si mtu wa kushikwa mkono.

"Bibi huyo alikufa lini, Mama?" niliuliza, ingawa tofauti ya umri wao ilikuwa imeshanidokeza.

"Wiki aliyozaliwa huyu." Mama alimwelekezea mamdogo kidevu. "Watu walikuja na nyuso za msiba, wakapewa mtoto wa kushika. Hawakujua walie au wapongeze."

"Umesikia, mamdogo?"

"Nimesikia nini?"

"Jina lilimwangukia wiki ile. Mama yangu alizaliwa na Eshe. Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kuzaliwa na Mwanaisha huyu. Kabla yako hakuwepo. Wewe hukumkuta amekuwa mkubwa. Amekuwa mkubwa na wewe mkononi."

Mamdogo alipandisha miwani. Akaona uzi unaning'inia kwenye mkono wa blauzi yangu, akauvuta, akaukata kwa meno, akautema pembeni. Ilikuwa ndiyo namna yake.

"Stashahada yako ina maneno," alisema. Sauti yake ilikuwa imelegea kuliko skrubu zake. "Haya. Na sasa? Mwenye jina hayupo. Jina la uzima, na mwenyewe tumemzika."

"Na sasa limeanguka tena."

Wote wawili waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeyasubiri macho yale tangu Jumatano, na nilikuwa nimesimama vizuri.

"Mwanaisha ni mimi," nilisema.

"Wewe?" Mama aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala zenye rangi. "Sasa nikitaka kukugombeza nitakuita nani?"

"Hutanigombeza tena."

"Ndoto hizo."

"We Mwanaisha," mamdogo akasema.

Alilisema kawaida, kama anayeomba apewe mkasi. Lakini lilipotoka tu, mama akaweka chaki chini. Hata yeye alionekana kulisikia likitua. Akamalizia: "Toa kiwiko chako kwenye kitambaa cha mteja."

Nikatoa.

"Kwa hiyo Asha amekwisha?" muuguzi akauliza kutoka nyuma ya pazia. "Mimi nilikuwa nimemzoea Asha."

"Utazoea na huyu," mama na mamdogo wakajibu kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima wao kusema kitu kimoja.

"Niambieni basi," nilisema. "Niandike nini?"

"Si unajiita mwenye jina?" mamdogo alisema. "Amua. Ila ukikosea, mkokoteni bado upo."

"Mkokoteni gani?" mama akauliza tena. "Mbona mnanificha mambo?"

Usiku ule nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua nikiwa bado nimebeba ubao kichwani kurudi karakanani. Ijumaa asubuhi nilivunja sheria ya Msasa. Nusu ya juu niliikwaruza mpaka kwenye mti, kama alivyonifundisha. Zile nukta za msumari nilizipaka mafuta ya kung'arisha mbao tu, nikaziacha zionekane pembeni. Katikati nikaandika MWANAISHA, herufi nyeusi zenye ukingo mwekundu, nene kama alivyotaka mama, kwa jina alilolitaka mamdogo. Ni jina refu, linahitaji mkono usiotetemeka, na mkono wangu haukutetemeka.

Nusu ya chini sikuigusa kwa kikwaruzo. Nilifuta kijani chote kwa kitambaa na tina mpaka ESHE akatoka mzima, na nyufa zake, na ule wekundu wa fundi nisiyemjua. Sikumrudishia rangi. Fundi yule alikuwa ameandika vizuri. NA, ile iliyokuwa kati ya majina mawili, ilikuwa imekatika katikati. Nikaiacha ikae ilivyo. Nikapaka vanishi ubao mzima, tabaka mbili, nikausubiri ukauke huku nikila mkate.

Saa tisa nikausimamisha juu ya mlango, mama ameshika ngazi. Alilisoma la juu kwanza. Kisha la chini. Alipofika hapo aliiachia ngazi, jambo ambalo nisingemsamehe mtu mwingine yeyote.

"Mama, ngazi."

"Nimeona," alisema, na akaishika tena kwa mikono miwili. "Hujampaka upya."

"Nimpake kwa nini? Yeye ni wa zamani."

Mamdogo hakutoka nje. Nilidhani amekataa. Niliposhuka na kuingia ndani nilikuta miguu yake miwili imetokeza chini ya meza ya overloki, ndala moja imemtoka, na kutoka humo chini ikisikika kazi ya mtu anayekaza kitu kwa hasira.

"Mwanaisha," aliita. "Kuna bisibisi kubwa kuliko hii?"

"Ipo karakanani."

"Kailete. Hizi skrubu nilizilegeza kwa bisibisi ya babu yako, sasa siioni ilipo."

"Skrubu za nini?" mama aliuliza.

"Za miguu. Nilitaka kuhama," mamdogo alisema kutoka chini ya meza. "Sihami. Umefurahi? Sasa usiniulize tena."

Mama alisimama pale akimeza habari ile. Sikujua atalia au atafoka. Alichukua chaki, akairudisha, akachukua futi kamba, akaivaa shingoni. Kisha akageukia meza yake na kuanza kutandaza kitambaa cha mteja wa Jumamosi.

Mamdogo alitambaa kinyumenyume kutoka chini, akainuka, akajikung'uta magoti, na macho yake yakatua mgongoni mwa mama.

"Dada, vua gauni hilo."

"Kwa nini?"

"Nikuwekee kiraka. Una buluu makalioni tangu Jumanne."

Mama alijipapasa nyuma, akaleta mkono mbele ya macho, akaunusa. Akanitazama mimi. Akamtazama mdogo wake. "Siku nne. Na nyote mlikuwa mnajua?"

"Mwanaisha alijua kwanza," mamdogo alisema.

Mama akavuta pumzi ya kunifokea. Niliiona ikijaa kifuani, ile pumzi ninayoifahamu tangu siku ya vifungo. Akafungua mdomo, akatafuta jina la kuanzia, akakwama. Alitazama mlangoni, kule juu ulikokuwa ubao, ingawa kwa ndani hauonekani.

"Kalete hiyo bisibisi," alisema mwishowe, na akasukuma kitambaa juu ya meza bila kuinua macho. Upande wa pili mamdogo alikidaka.